Dubu wa Mtaa wa Kongo

Watu hustaafu kwa mvi. Mimi nimestaafu kwa sikio. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linachagua la kusikia, na daktari ameniambia nikikaa karibu na mlio wa bunduki zaidi ya hapa nitabaki na masikio ya pambo, kama mikono ya kikombe. Nywele zangu bado nyeusi. Wastaafu wenzangu wakiniona barazani wananiuliza kama nimetumwa na baba.

Nawaandikia ninyi mlioingia dukani baada yangu, mnaoshika sasa ufito na kitambaa nilivyoviacha. Shule nilisoma kiasi cha kuyaelewa maandishi ya juu ya sanduku la risasi, kwa hiyo msitafute humu lugha ya makarani. Vyeo sitavitaja, maana dukani mlikuwa na vyeo viwili na vyote vilikuwa na wenyewe. Mshahara nao sitautaja. Haukuwahi kupiga kelele, nami sitaki kuuamsha.

Duka mnalijua: ukitoka mlangoni unauona uwanja wa Mnazi Mmoja, na ukiuvuka uwanja umeingia Kariakoo, nyumbani. Mwenye duka alikuwa Bwana Pereira, Mgoa mwembamba aliyependa kuuza vitu vikubwa. Mwenye kazi alikuwa Fundi Dadi. Huyu alikuwa Mbulushi. Babu yake alikuja pwani na askari wa Sultani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina, na kwa wali wa nazi hakuna Mzaramo aliyemshinda.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kanzu niliyoazima na nikaingia nikiota. Nilidhani nitafundishwa kulenga shabaha. Fundi Dadi alinipa bunduki tupu, akaniambia, "Shika."

"Niifanye nini, Fundi?"

"Nimesema shika. Ningetaka uifanye kitu ningesema."

Nikashika. Akaendelea na tupa yake, akanywa kahawa, akagombana na muuza kahawa, mimi nimesimama tu kama mlango. Adhuhuri akaenda msikitini, akarudi, akanikuta mikono inatetemeka.

"Nzito?"

"Nzito sana, Fundi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa nyepesi."

"Basi nusu ya kazi umeshajifunza. Mteja anaishika asubuhi, dukani, kivulini. Mnyama anakutana naye alasiri."

Nusu ya pili ilinichukua miaka. Nilijifunza kwamba katika mji huu adui wa bunduki si simba, ni chumvi ya hewani, inayokula chuma huku umelala. Nilijifunza kutopaka mafuta ya nazi, ingawa yananukia vizuri, kwa sababu yanaganda ndani ya mtambo yakawa gundi. Nilijifunza kupitisha ufito kwenye mtutu kabla ya jambo lolote, baada ya afisa mmoja wa misitu kutuletea bunduki aliyosema "imeanza kukataa," nasi tukatoa ndani yake nyumba ya nyigu ya udongo, yenye vyumba, na nyigu wenyewe ndani, wamekasirika. Afisa alikimbia mpaka upande wa pili wa barabara. Bwana Pereira alipanda juu ya meza. Fundi Dadi alisema tu, "Imekataa kwa sababu ina wapangaji."

Lakini mliloniomba niandike ni lile la dubu, maana nasikia mmeshalisikia kwa watu na kila mtu ameliongezea miguu. Lilikuwa hivi.

Alikuja asubuhi moja Mgiriki mmoja, Bwana Stavro, nyapara wa shamba la mkonge huko upande wa Morogoro. Mwili ulikuwa mpana, uso wa duara, kofia imekatika ukingo. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, kizima kabisa, na alimwamkia Fundi "Shikamoo" kama mtoto wa watu.

"Marahaba," Fundi akasema. "Karibu. Bega lako la kulia lina nini?"

"Halina kitu."

"Vizuri. Watu huja wamelivunja, wanaficha. Haya, sema."

"Nataka bunduki ya dubu."

Bwana Pereira aliinua kichwa. Mimi nilimtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona Fundi naye ananitazama mimi.

Bwana Stavro akaeleza. Alikuwa anarudi kwao likizo, mara ya kwanza tangu atoke akiwa kijana. Kwao ni milimani, wanafuga nyuki. Dubu mmoja alikuwa akishuka kutoka msituni kuivunja mizinga. Kaka yake alimfukuza kwa shoka, akarudi na mkono uliochanwa. Sasa kijiji kizima kilikuwa kimeagiza: Stavro aje, Stavro muuaji wa ndovu.

"Ahaa," Bwana Pereira akasema, na mkono wake ukawa umeshafika kwenye ile kubwa kuliko zote ukutani, ya midomo miwili, namba 577, ambayo kwa uzito ilikuwa kama kubeba mtoto aliyelala. "Kwa mtu wa ndovu, hii!"

Akaenda nyuma kutafuta risasi zake. Hapo ndipo Bwana Stavro alipoinama juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini, sisi wawili tu tukimsikia: "Mzee. Mimi sijaua hata kanga. Ile picha ya ndovu niliyompelekea mama, ndovu alikuwa wa mtu mwingine. Mimi nilipita tu, wakaniambia weka mguu."

"Ukaweka," Fundi akasema.

"Nikaweka. Mama akaonyesha bonde zima. Sasa nisipokwenda, mama ataaibika. Nikienda, dubu atanila. Meli inaondoka mwezi ujao."

Nilimhurumia mpaka nikashika meza. Nilimwona mama yake, bibi mnene amevaa nyeusi, anapita nyumba kwa nyumba na ile picha kifuani. Na kusema kweli, nilimhurumia na dubu. Mimi ni mtu niliyefanya kazi miaka yote hiyo katika duka la bunduki bila kuua kiumbe chochote ila mende, na hata mende nilikuwa nikimpa nafasi.

Fundi Dadi alikuwa na sheria moja, na ninyi nawaomba muishike: mtu anayefumba macho akifyatua hauziwi bunduki, hata akilia. Anayefumba macho hajui risasi imekwenda wapi, na mnyama aliyejeruhiwa ndiye anayejua nyumbani kwako. Akamwambia Bwana Stavro vile vile. "Nitakuchagulia. Lakini huondoki nayo mpaka nikuone umefumbua macho."

"Na usipoona?"

"Utamwambia mama yako kweli. Hiyo haina haja ya leseni."

Sasa kuchagua bunduki ya mnyama ambaye hakuna aliyemwona ni kama kushonea suruali mtu wa kwenye ndoto. Tulimuuliza Bwana Stavro dubu yukoje.

"Nilikutana naye mara moja, nikiwa mdogo," akasema. "Lakini mimi sikumwona vizuri. Yeye ndiye aliyeniona. Mimi nilikuwa nakimbia."

Ikabidi tuvuke uwanja tuingie Kariakoo kwa Bwana Saidi, Mmanga mwenye duka la halua Mtaa wa Kongo, kwa kuwa yeye alisema babu yake alimwona dubu Basra, anachezeshwa kwa ngoma. Bwana Saidi alikata halua kwanza, ndipo akakata na maneno.

"Dubu, ndugu zangu, ana mwili wa kiboko, manyoya ya kondoo, na uso wa mbwa aliyefiwa."

"Karibu," Bwana Stavro akasema, akifikiri.

"Miguu yake mipana, kama mwenye matende. Mkia hana."

"Mnyama gani hana mkia?" akadakia Mwinyi Kondo, mshona magodoro wa baraza la pili, mtu aliyesikiliza mazungumzo ya mtaa wote huku sindano mdomoni.

"Na wewe unao?" Bwana Saidi akamjibu.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na wazo lilikuwa langu, nalidai. Nilisema: kama Bwana Stavro ataanza kumwona dubu siku hiyo hiyo ya kufa, atafumba macho tu. Lakini kama atamzoea huku, kwa utulivu, kidogo kidogo? Mwinyi Kondo akatoa sindano mdomoni. Alikuwa ameshona magodoro ya mabibi harusi na mito ya makadhi, lakini mnyama hajawahi.

"Analalaje?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo dubu. Mimi sishoni kitu bila kujua kinalalaje. Sufi hushuka upande wa kulalia."

Hakuna aliyejua. Akaamua mwenyewe kuwa analala kwa tumbo kama mtu mwenye dhamiri safi.

Alimshona kwa magunia, akamjaza sufi, juu akampigilia makumbi ya nazi yawe manyoya. Macho yalikuwa vifungo viwili vya shaba. Wapita njia walisimama kutoa shauri. Mmoja alitaka pembe. Mama mmoja muuza vitumbua alisema ananenepa mno, Mwinyi Kondo akamwambia amwache, ni mgeni. Alipokwisha alikuwa na miguu minne mifupi, mgongo kama jahazi lililopinduliwa, na ule uso wa mfiwa aliupata barabara, mpaka nikashindwa kumtazama.

Tulimpeleka ng'ambo ya Kigamboni, kwenye ufuko usio na watu, maana mjini huwezi kupiga risasi bila polisi kuja kunywa chai. Mimi na mpagazi mmoja tulimbeba kwa mti begani, toka Kariakoo mpaka Magogoni. Pale Kivukoni mnada wa samaki ulisimama.

"Huyo nani?"

"Dubu."

"Anaumwa?"

"Wa sufi."

"Akiamka katikati ya maji atakaa upande gani?" akauliza nahodha wa mashua ya kuvusha, mtu makini. "Nataka kujua mapema."

Ng'ambo, Fundi Dadi alianza na ile namba 577, kwa sababu Bwana Pereira alikuwa amekuja kutazama, na Fundi aliona bora mkubwa ajifunze kwa macho yake. Bwana Stavro alisimama hatua chache mbele ya dubu, akafumba macho kama mtu anayekunywa kwinini, akafyatua. Mlio ulikwenda mpaka bandarini ukarudi. Yeye tulimkuta chali mchangani, kofia imetangulia. Dubu hakuguswa. Kutoka mnazi uliokuwa mbali, upande ambao hakuna aliyelenga, ilidondoka nazi moja.

"Nguvu inayo," Bwana Pereira akasema, sauti imepungua.

"Inayo," Fundi akakubali. "Ni yeye ambaye hana nyingine kama hiyo ya kuizuia."

Sikilizeni sasa, hapa ndipo pa kazi. Watu hudhani bunduki huchaguliwa kwa ukubwa wa mnyama. Mnyama ni wa tatu. Wa kwanza ni bega, wa pili ni mahali. Fundi alimuuliza: mizinga iko wapi, uwanjani au kwenye miti? Kwenye miti. Utamwona dubu kwa umbali gani? Kama toka hapa hadi mnazi ule. Unapanda mlima kwenda huko? Sana. Basi, akasema, ile ya midomo miwili utaichukia kabla hujafika, na mtu hapigi vizuri na kitu anachokichukia. Ile ya serikali, namba 303, ni nyepesi na teke lake ni la mbuzi, lakini risasi yake nyembamba, na mnyama mwenye mafuta na manyoya ya namna ile anaweza kwenda nayo akafie mbali, akiwa na hasira njia nzima. Akachukua ile ya Mjerumani, ya milimita 9.3, ya mdomo mmoja, waliyoipenda walowezi tangu zamani: risasi nene, nzito, ya ncha laini inayopanuka, isiyokimbia sana lakini inayofika. Teke lake la punda, ila punda wa nyumbani. Darubini alikataa isiwekwe; kwenye miti ya karibu, darubini inakuonyesha nywele bila kukuonyesha mnyama.

Bunduki ikawa imepatikana. Mtu ndiye aliyekuwa bado.

Tulivuka naye mara nyingi. Fundi alianza na kibunduki cha kupigia ndege, akapanda pole pole mpaka ile 9.3, na kati ya risasi za kweli alikuwa akichanganya, bila kumwambia, risasi bubu, yaani ganda lisilo na baruti. Ndiyo mizani ya muoga. Anayeogopa mlio hujitupa nyuma hata mlio usipokuwepo. Bwana Stavro alifyatua bubu, bunduki ikasema "tik," naye akarukia nyuma macho yamefumbwa na meno yamekenuka, kana kwamba amepigwa teke na hewa.

Tulicheka, hata yeye. Kisha akaacha kucheka, akakaa mchangani.

"Meli wiki ijayo, Mzee."

Mimi kila jioni nilikuwa nikimziba dubu matundu kwa sindano ya gunia, ingawa nakiri matundu yalikuwa machache kuliko nilivyotamani kwa ajili ya Bwana Stavro, na mengi kuliko nilivyotamani kwa ajili ya dubu.

Fundi Dadi alifikiri njia nzima ya kurudi. Kesho yake akasema, "Nimeona ugonjwa. Huyu anaiogopa bunduki kuliko mnyama. Mnyama amelala pale kama godoro."

"Ni godoro, Fundi."

"Ndiyo. Mtu anayemwogopa mnyama kweli hawezi kufumba macho. Huwezi kufumba macho nyoka akiwa mlangoni. Lazima dubu aje." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anavyopima kitako cha bunduki. "Wewe Sele una kimo gani?"

Nilijua swali linaenda wapi. Nilisema nina mke. Akasema atamwangalia.

Mwinyi Kondo alimpasua dubu tumboni, akatoa sufi nusu, akanitia mimi. Ng'ambo, Fundi aliifungua ile 9.3 mbele yangu, akatia risasi bubu mbele yangu, na zile za kweli akaziweka ndani ya mfuko, akaukalia. Nilisoma nilichokijua katika Kurani na kile nisichokijua nikakinung'unikia. Kisha nikapiga magoti nyuma ya kichaka na kuanza kutambaa.

Ndani ya dubu ni joto kuliko Jehanamu ya watu wa kawaida. Makumbi yananichoma, sufi imeniingia puani, na vifungo vya shaba ndivyo macho ya dubu, mimi mwenyewe natazama kupitia mshono wa shingoni. Mlio wa dubu hakuna aliyejua, kwa hiyo nilikoroma kama Bwana Pereira anavyokoroma akilala dukani Ijumaa. Nikatambaa, nikakoroma, magoti yakachubuka kwa makombe ya pwani, mpaka nikajiuliza, mtu akifa ndani ya godoro familia yake itaeleza nini. Nikasimama. Nikasimama kwa miguu miwili, mikono juu kutafuta hewa, na kumkimbilia Bwana Stavro moja kwa moja, huku nikipiga chafya.

"Sele, kaa chini!" Fundi akapiga kelele. "Kaa chini! Mnyama gani anasimama kama mpagazi?"

Sikuweza kukaa chini. Nilikuwa nakuja tu. Na kupitia mshono niliuona uso wa Bwana Stavro nyuma ya mtutu, mweupe, jasho, na macho mawili yamefumbuka kama madirisha siku ya Idi.

Tik.

Hakurukia nyuma. Hata kope haikupepesa. Mtutu ulikuwa kifuani pangu, umetulia kama umejengwa.

"Nimeona!" akasema. "Mzee, nimeona! Nilikuwa naona mpaka vifungo!"

Fundi aliinuka juu ya ule mfuko wa risasi, akapangusa kanzu. "Sasa umechagua bunduki," akasema. Bwana Pereira akaifunga kwa kitambaa cha merikani, na wiki ile ile Bwana Stavro akapanda meli.

Baada ya hapo nilikuwa na kazi ya kungoja, na kwa mtu mwenye kuota kungoja ni kazi ngumu. Nikisafisha mtutu namwona dubu. Nikila namwona mama wa Bwana Stavro amekaa dirishani. Nilimuuliza Fundi siku moja, "Tulichagua vizuri?" Akasema, "Bunduki, ndiyo." Zaidi hakusema, nami nikaona hata yeye alikuwa akitazama mlango kila kofia ya Mgiriki ilipopita.

Alirudi. Aliingia dukani amenenepa, na ile 9.3 begani, na mkononi mtungi wa udongo uliofungwa kwa kitambaa. Fundi hakuuliza kitu. Aliipokea bunduki, akapitisha ufito, akatazama kitambaa kilichotoka, kisha akanipa mimi nitazame. Kilikuwa cheupe.

"Haijapigwa hata moja," Fundi akasema.

"Hata moja," Bwana Stavro akasema, akavuta kiti.

Kijiji kizima kilimsindikiza asubuhi mpaka kwenye mizinga, kikasimama nyuma yake, kaka yake amefunga mkono, mapadri wawili, wanawake, na wazee walioletwa kwa punda. Dubu alitoka kwenye miti akitembea kwa miguu minne, mkubwa, anapangusa pua. Bwana Stavro akaiweka bunduki begani. Macho wazi. Kila kitu alikiona, alisema, hata mbegu za majani kwenye manyoya. Na ndipo dubu alipomwona, akasimama. Kwa miguu miwili. Mikono juu.

"Kumbe wanasimama!" Fundi akasema, akaniangalia kwa mara ya kwanza kwa adabu.

"Wanasimama, Mzee. Kama mpagazi. Na uso ule ule wa Mwinyi Kondo. Akapiga chafya, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshabana kidole, kikanikatalia. Kinywa changu kikasema chenyewe: Sele, kaa chini!"

Bwana Pereira, aliyekuwa tayari kumuuzia risasi nyingine, alitoa mkono kwenye shubaka la risasi.

"Nilisema kwa nguvu kama wewe Mzee ulivyosema. Kaa chini! Dubu akanitazama. Akashuka, akageuka, akaenda zake."

Kwa watu wa kijiji ilikuwa imekwisha. Kuua dubu hata babu zao waliweza. Lakini kumwamuru, na kwa lugha ya wawindaji wa Afrika, hilo hakuna aliyewahi kuliona. Walimbeba begani mpaka kanisani. Dubu alirudi mara mbili tatu, na mara zote watoto walimpigia kelele, "Sele, kaa chini!" kwa lafudhi yao, naye akaondoka, labda kwa sababu hakuzoea kusemeshwa. Niliposikia hivyo nilitoka nje kidogo, nikasimama nikitazama uwanja wa Mnazi Mmoja. Mimi sijafika hata Tanga.

Niliporudi ndani Fundi alikuwa akimuuliza kuhusu mama yake, kama aligundua.

"Alijua tangu siku picha ilipofika," Bwana Stavro akasema. Kofia yake ilikuwa inazunguka mikononi. "Aliniambia, mtoto aliyekuwa akilia akichinjwa kuku hawezi kuua ndovu. Nikamwambia, mama, sasa bonde zima ulilionyesha kwa nini? Akasema, na ungekuja vinginevyo?"

Muuza kahawa alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vyake, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Fundi Dadi alifungua ule mtungi. Asali ilikuwa nyeusi, inanuka miti nisiyoijua. Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho, yeye mwenyewe mwenye sheria.

"Na dubu," akauliza, ndevu zimeshikana, "mlimwacha vivi hivi tu, na njaa yake?"

"Mzinga wa mwisho kabisa, ulio karibu na mwitu, hatuugusi," Bwana Stavro akasema. "Ule ni wa Sele."